Monita ya mtumba na kompyuta yako: mwongozo kamili wa kupata picha safi

Malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua monita Darajani au Mlandege hapa Unguja, dukani imewaka vizuri, akifika nyumbani inaandika "No Signal". Mwengine picha inatoka, lakini maandishi yana ukungu na duara linaonekana kama yai. Wa tatu kabadilisha mpangilio mmoja tu, monita ikaandika "Out of Range", na tangu hapo haoni kitu.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Watu wanaanza na waya na kumalizia na namba, na ilitakiwa iwe kinyume chake. Kila monita bapa imetengenezwa na idadi maalumu ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kwa mfano 1920 kwa mapana na 1080 kwa urefu wa kwenda juu. Hiyo ndiyo resolusheni yake ya asili. Haiongezeki wala haipungui. Waya, kigeuzi na mipangilio ya kompyuta vyote vinaifuata.

## Viweke tayari

- Monita pamoja na waya wake wa umeme, au chaja yake ikiwa ni ya chaja ya nje.
- Kompyuta yenyewe, au picha za matundu yake ulizozipiga kwa simu kabla ya kwenda dukani.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani, brashi ndogo kavu na spiriti kidogo.
- UPS (kifaa chenye betri ya kushika umeme unapokatika), au angalau stebilaiza ya kuaminika.
- Waya wa picha. Huu usinunue mpaka umalize hatua ya 4.

Anayetoka Pemba kuja kununua Unguja azizingatie zaidi picha za matundu. Kurudi Mkoani na waya usioingia ni nauli nyengine.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko cha nyuma

Geuza monita utafute kibandiko chenye jina la modeli na maelezo ya umeme. Sehemu ya umeme inatakiwa iseme 100–240V, 50/60Hz. Umeme wetu ni volti 230, kwa hivyo hiyo ni salama.

Ukikuta imeandikwa 100V peke yake, au 100–120V, usiichopeke ukutani hata kwa kujaribu. Vifaa vya namna hiyo vilitengenezwa kwa nchi zenye umeme mdogo, na kwetu vinaungua papo hapo. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti.

Ikiwa monita inatumia chaja ya nje na ya asili haipo, volti za chaja mpya lazima ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye monita. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Ncha iingie bila kulegea, na alama ya chanya na hasi ilingane. Chaja yenye ampea pungufu huwasha taa, halafu monita inazima kila mwanga unapopanda, na watu wanadhani kioo kimekufa.

## Hatua ya 2: Jua resolusheni ya asili

Andika jina la modeli kwenye intaneti, usome. Kama kibandiko kimetoka, ukubwa wa kioo utakusaidia kukisia:

- Inchi 17 au 19, umbo la karibu na mraba: 1280×1024.
- Inchi 18.5 pana: 1366×768.
- Inchi 19 pana: 1440×900.
- Inchi 20 pana: 1600×900 au 1680×1050.
- Inchi 22 pana: 1680×1050 au 1920×1080.
- Inchi 24: 1920×1080 au 1920×1200.

Iandike kwenye kipande cha karatasi na uibandike nyuma ya monita. Utaihitaji katika hatua ya 8.

Jihadhari na maneno ya muuzaji kwamba monita "inakubali Full HD". Monita nyingi za 1440×900 zinapokea ishara ya 1920×1080 na kuibana iingie. Picha inaonekana, ila maandishi yanakuwa na ukungu. Kukubali ishara ni jambo moja, kuwa na pikseli hizo ni jambo jengine.

## Hatua ya 3: Tambua matundu ya pande zote mbili

VGA ina pini 15 katika safu tatu, mara nyingi ya buluu, na skrubu mbili pembeni. Inapitisha picha ya analogi, haina sauti.

DVI ni pana, mara nyingi nyeupe, na ina ufa bapa upande mmoja. Tizama kwa makini kuuzunguka ufa huo. Ukiona vitundu vinne, ni DVI-I, inayotoa dijitali na analogi. Kama havipo, ni DVI-D, ya dijitali tupu. Vitundu hivyo vinne vinaamua kama adapta rahisi, isiyo na chipu ndani, itafanya kazi au la.

HDMI ni bapa na nyembamba, pande mbili za chini zimekatwa kwa mshazari. Inapitisha picha na sauti.

DisplayPort inafanana na HDMI, ila imekatwa kona moja tu.

USB-C ni ndogo ya mviringo. Si kila USB-C inatoa picha. Angalia alama ya DisplayPort au ya radi pembeni yake. Ikiwa hakuna, soma maelezo ya modeli ya kompyuta kabla ya kutoa pesa.

## Hatua ya 4: Chagua waya, na ujue unaelekea wapi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hivyo soma taratibu.

Ikiwa pande zote mbili zina tundu la aina moja, nunua waya wa aina hiyo na uishie hapo. Kama zina zaidi ya aina moja inayolingana, tanguliza DisplayPort au HDMI, kisha DVI, na VGA iwe ya mwisho.

Ikiwa hazilingani, ujue kwamba kigeuzi kina mwelekeo. Kinachotoa picha kwenye kompyuta kipo upande mmoja, kinachopokea kipo upande wa pili, na ukikigeuza hakifanyi kazi. Dukani usiombe "waya wa VGA na HDMI". Sema hivi: "Kompyuta yangu ina HDMI, monita ina VGA."

- Kompyuta HDMI, monita VGA. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani. Kwa kawaida kinapata umeme wake kutoka kwenye HDMI yenyewe. Waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule, bila chipu, hautoi picha, maana dijitali haigeuki analogi kwa kuunganisha nyaya tu.
- Kompyuta VGA, monita HDMI. Hiki ni kigeuzi chengine kabisa. Kina waya wa USB wa kuchukulia umeme na kijiwaya cha sauti. Usipochopeka USB, kioo kinabaki kizani.
- HDMI na DVI, upande wowote. Waya wa kawaida unatosha, kwa sababu lugha ya picha ni moja. Sauti usiitegemee, utahitaji spika pembeni.
- Kompyuta DisplayPort, monita HDMI au DVI. Adapta rahisi inafanya kazi kama tundu lina alama ya DP++. Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba zinayo.
- Kompyuta HDMI, monita DisplayPort. Adapta ile ya juu ukiigeuza haifanyi kazi. Unahitaji kigeuzi chenye chipu na umeme wa USB.
- Kompyuta DVI, monita VGA. Adapta rahisi inafaa ikiwa tundu la kompyuta ni DVI-I. Kwenye DVI-D pini nne za adapta hazipati pa kuingia. Wapo wanaozivunja ili iingie. Inaingia kweli, na picha haitoki, kwa sababu pini zilizovunjwa ndizo zilizokuwa zibebe picha.

Urefu nao una uzito. Kwa meza ya kawaida mita 1.5 hadi 2 zinatosha. Waya wa VGA mrefu na mwembamba huleta kivuli pembeni mwa herufi.

Kwa mwenye monita ya 4K (3840×2160): HDMI ya toleo la 1.4 inafikisha 4K kwa hezi 30 tu, yaani picha inachorwa upya mara 30 kwa sekunde, na kishale cha mausi kitaonekana kinakokota. HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 zinafikisha hezi 60. Kompyuta ikiwa na zote mbili na hujui HDMI yake ni ya toleo gani, tumia DisplayPort.

## Hatua ya 5: Kagua pini na usafishe chumvi

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika unyevu unazidi. Monita iliyokaa dirishani upande wa bahari inaota ukoga wa kijani au mweupe kwenye matundu. Ukoga huo unazuia ishara kidogo kidogo: leo picha ipo, kesho inamemetuka.

Chomoa umeme kwanza. Piga brashi kavu ndani ya tundu, kisha paka spiriti kidogo kwenye brashi hiyo hiyo na usugue pini. Acha ikauke kabisa.

Spiriti isiguse kioo. Kioo kifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya chupa, maana maji ya kisima yenye chumvi huacha alama nyeupe. Usipulizie maji moja kwa moja. Tone likiteremka hadi ukingo wa chini linaingia kwenye vijinyaya vya kioo, na hapo ndipo mistari inapoanza.

Sasa shika plagi ya VGA karibu na jicho. Pini ya 9, iliyopo safu ya kati, mara nyingi haipo tangu kiwandani, na hilo si kosa. Nyengine zikipinda zinyooshe pole pole kwa ncha ya kibanio. Rangi nayo inakuambia pini gani haigusi: picha ikiwa ya kijanibuluu, nyekundu haifiki (pini ya 1). Ikiwa ya zambarau iliyokolea, kijani haifiki (pini ya 2). Ikiwa ya manjano, buluu haifiki (pini ya 3).

Monita ikitoka baridini kwenye AC, au imevuka bahari kwa boti, ipe saa moja au mbili chumbani kabla ya kuiwasha, mpaka unyevu wa ndani uondoke. Safarini isimame wima, na mbele ya kioo pawe na boksi gumu. Kuilaza kifudifudi chini ya mizigo ndiko kunakovunja vioo.

## Hatua ya 6: Unganisha vyote vikiwa vimezimwa

Zima kompyuta na monita. Chopeka waya wa picha mpaka mwisho. Skrubu za VGA na DVI zifunge kwa vidole tu, ukitia bisibisi utang'oa na nati yake siku ya kufungua.

Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ina matundu ya picha sehemu mbili nyuma. Yaliyosimama wima pamoja na ya USB ni ya ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Yaliyolala chini yake ni ya kadi. Chopeka kwenye kadi. Ukiweka kwenye ubao mama, mara nyingi utapata "No Signal" ilhali kompyuta inafanya kazi. Kosa hili peke yake limewapeleka watu wengi kwa fundi bure.

Monita ichopeke kwenye UPS, upande wa betri. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa ukutani na usirudishe mpaka umeme umerudi na kutulia kwa dakika kadhaa. Kinachoua monita zaidi ni ule mshindo wa umeme unaporudi.

Washa monita kwanza, kisha kompyuta.

Dalili ya mafanikio: nembo ya kompyuta inatokea kabla Windows haijaanza. Ukiiona hiyo, waya na kigeuzi vinapitisha picha. Tatizo litakalofuata mara nyingi ni la mipangilio.

## Hatua ya 7: Iambie monita isikilize tundu gani

Monita yenye matundu matatu haijui wewe umetumia lipi. Bonyeza kitufe cha menyu, tafuta "Input" au "Source", chagua tundu ulilochopeka.

Kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Duplicate" au "Extend".

Kama bado ni giza, chukua tochi. Imulike kwenye kioo kwa pembeni na utizame kwa karibu. Ukiona picha hafifu nyuma ya mwanga wa tochi, ishara inafika, na kilichokufa ni taa za ndani za monita. Usinunue waya mwengine. Monita za zamani zinazowaka sekunde mbili halafu zikazima nazo mara nyingi zina ugonjwa huo huo.

## Hatua ya 8: Weka resolusheni ya asili

Kwenye Windows 10 na 11, bofya kulia sehemu tupu ya skrini, fungua "Display settings", shuka hadi "Display resolution". Chagua namba uliyoiandika katika hatua ya 2. Mara nyingi ndiyo yenye neno "Recommended".

Windows itakuuliza kama unabaki na mabadiliko. Ukiona giza, usiguse kitu. Baada ya sekunde 15 itarudi yenyewe ilipokuwa. Wanaokubali mabadiliko kwa papara ndio wanaoishia hatua ya 9.

Kisha fungua "Advanced display" uangalie hezi. Monita ya kawaida iwe 60. Ukiwa na monita ya hezi 75 au 144, Windows mara nyingi huiacha kwenye 60 mpaka uipandishe mwenyewe.

Maandishi yakiwa madogo, usishushe resolusheni. Panda kwenye "Scale" uweke asilimia 125. Ukishusha resolusheni, monita inalazimika kuzitandaza pikseli chache juu ya pikseli nyingi, na herufi zinapoteza makali.

Namba yako haimo kwenye orodha? Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Fungua "Device Manager", tizama "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya grafiki haijawekwa. Ipate kwenye tovuti ya kiwanda kilichotengeneza kompyuta au kadi, kwa kutumia jina kamili la modeli.

Ya pili ni waya. Kila monita hutuma kitambulisho chake kwenye kompyuta kupitia pini maalumu. Kwenye VGA ni ya 12 na ya 15. Zikikatika, kompyuta haijui inazungumza na nani, inaandika "Generic Non-PnP Monitor" na kukupa resolusheni ndogo kama 1024×768. Jaribu waya mwengine ulio mzito zaidi.

## Hatua ya 9: Kujikomboa kutoka "Out of Range"

Ujumbe huu, au "Input Not Supported", unamaanisha kompyuta inatuma resolusheni au hezi ambazo monita haiwezi kuzionesha. Kioo ni kizima.

1. Azima monita kubwa zaidi, au tumia TV. Ichopeke, shusha resolusheni mpaka namba yako ya asili na hezi 60, kisha rudisha monita yako. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote.
2. Kama huna kioo chengine na unatumia Windows 10 au 11: washa kompyuta, na Windows inapoanza tu bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mpaka ukurasa wa ukarabati utokee. Ingia "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart". Orodha ikija, bonyeza 3 ili iwake kwa resolusheni ndogo.
3. Kwenye Windows 7, gonga F8 mfululizo kompyuta inapowaka, uchague "Enable low-resolution video".

Ukishaingia, rudia hatua ya 8.

Kama nembo ya mwanzo nayo haionekani, hili si tatizo la mipangilio. Rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 10: Noesha picha

Ukitumia VGA: fungua ukurasa uliojaa maandishi meusi juu ya weupe, kisha bonyeza "Auto" au "Auto Adjust" kwenye monita. Inapima ukingo wa picha, ndiyo maana skrini nyeusi tupu huipoteza. Kama herufi bado zinatetemeka, ingia menyu, tafuta "Phase", uisogeze kidogo kidogo mpaka zitulie. "Clock" iguse tu ukiona mistari mipana ya wima.

Ukitumia HDMI: ukiona kingo za skrini zimekatwa na upau wa chini hauonekani wote, hiyo ni "Overscan", tabia iliyorithiwa kwenye TV. Kwenye TV tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1". Rangi zikiwa zimepauka na weusi umekuwa kijivu, nenda kwenye programu ya kadi ya grafiki, badilisha "Limited" kuwa "Full".

Mwanga upunguze. Monita nyingi zinakuja na mwanga wa asilimia 100 kwa ajili ya dukani. Shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo na ushushe mpaka weupe ukaribiane. Mchana na usiku havilingani, kwa hivyo jifunze kitufe chake.

## Kabla hujalipa dukani

Waombe waiwashe na kuiacha dakika 15, maana taa chovu huanza kugeuka pinki au kumemetuka ikishapata moto. Waoneshe skrini nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu: nukta isiyobadilika ni pikseli iliyokufa. Jaribu kila tundu unalokusudia kulitumia, na kila kitufe cha menyu. Monita isiyo na kitufe cha menyu kinachofanya kazi huwezi kuibadilishia tundu wala kuinoesha, hata bei iwe nzuri kiasi gani.

## Ikibidi kwenda kwa fundi

Usiifungue mwenyewe. Kapasita za ndani zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa umeme.

Mwambie fundi kama nembo ya mwanzo inaonekana au la, kama tochi ilionesha picha hafifu, na taa ya kitufe ina rangi gani monita ikiwa giza. Mpelekee na waya na kigeuzi ulivyokuwa ukivitumia, na umuombe apime monita kwa kompyuta yake kabla ya kufungua skrubu yoyote.